Kuzuia Vifo vya Kujiua Vijijini na Mitaani Dodoma: Mwongozo kwa Kamati za Jamii

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, viongozi wa dini na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa katika wilaya za mkoa wa Dodoma, kuanzia Kondoa na Chemba kwa upande wa kaskazini, kupitia Bahi, Chamwino na Jiji lenyewe, hadi Kongwa na Mpwapwa. Jirani zetu wa Singida watakuta humu mengi yanayowafaa pia, kwa kuwa tunashiriki mvua moja, ukame mmoja na umbali ule ule kutoka kitongojini hadi hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Ninaloshikilia katika mwongozo huu ni jambo moja: mtu aliyefikia hatua ya kutaka kufa huokolewa mara nyingi na mtu wa karibu aliyemuuliza, akakaa naye, akarudi tena kesho yake. Kijiji kinachotaka kuzuia vifo hivi hakina budi kupanga mapema nani atauliza, nani atakaa na nani atarudi.

Kama wewe unayesoma ndiye unayefikiria kujiua, acha kusoma kwanza. Mwite sasa hivi mtu mmoja unayemwamini, mwambie waziwazi kinachokupitia, kisha muende pamoja katika kituo cha afya kilicho karibu. Hali hiyo hutibika, na huhitaji kuikabili peke yako usiku huu.

Hatua ya kwanza: Wapateni watu, kisha muombe ridhaa ya kijiji

Watu saba hadi kumi wanatosha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awemo, pamoja na mwalimu anayetoa ushauri nasaha shuleni, mama mmoja kutoka katika kikoba, viongozi wa dini zilizopo kijijini, mzee anayesikilizwa, na mwenye duka la pembejeo. Dereva wa bodaboda naye asikosekane, kwa sababu ndiye anayeamshwa usiku wa manane na ndiye anayejua ni korongo lipi halipitiki mvua ikinyesha. Iwapo kijijini yupo mtu aliyewahi kufiwa kwa namna hii, au aliyewahi kufika ukingoni akarudi, na yuko tayari kushiriki kwa hiari yake, mpeni nafasi. Atawaonyesha mambo ambayo wengine hawayaoni. Asiyeweza kutunza siri asiingizwe, hata kama ana cheo.

Pelekeni jambo hili mbele ya halmashauri ya kijiji, au kamati ya mtaa kwa walioko mjini, na ombeni litambuliwe chini ya kamati ya huduma za jamii ili liingie katika muhtasari wa kikao. Kutambuliwa huku kuna faida mbili: mtendaji wa kata atawajua mtakapompigia simu usiku, na baadaye mtakapodai huduma bora mtakuwa na karatasi ya kuonyesha. Katika kikao hicho hicho kubalianeni kanuni ya siri, kwamba atakayowaambia mtu hayatatoka nje, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini, na hapo yataelezwa kwa wale tu wanaohitajika kumsaidia.

Hatua ya pili: Ichoreni njia ya msaada kabla haijahitajika

Chukueni karatasi moja muandike njia yote, kuanzia kitongoji cha mbali kabisa hadi hospitali. Zahanati iko umbali gani, na nani yupo zamu usiku? Ni mtoa huduma yupi, katika zahanati au kituo cha afya cha kata, aliyepata mafunzo ya afya ya akili? Nani ni mratibu wa afya ya akili wa halmashauri yenu? Huyu wa mwisho watu wengi hawajui kuwa yupo. Mwombeni Mganga Mkuu wa Halmashauri awakutanishe naye na mpate namba yake ya simu. Andikeni pia majina ya madereva wawili wa bodaboda na mwenye gari mmoja waliokubali kuitwa wakati wowote, pamoja na nani atalipia mafuta. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Ombeni dharura hii itajwe ndani yake. Anayetoka Farkwa au vijiji vya bondeni huko Bahi mwezi wa pili, wakati makorongo yamejaa, anahitaji njia ya pili iwe imeshafikiriwa.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kabla ya kuzibandika ukutani, zipigeni kutoka kijijini kwenu mwone kama zinapatikana kwa mtandao mnaoutumia. Namba isiyopokelewa humvunja moyo mtu ambaye tayari amekata tamaa.

Kuhusu Mirembe nataka niseme zaidi kidogo. Hospitali hiyo imekuwepo hapa Dodoma tangu 1927, nayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini nchi nzima jina lake limegeuzwa kuwa tusi, na hapa mkoani kwetu, ambako wengi wetu tuna ndugu aliyetibiwa au anayefanya kazi pale, tusi hilo linaumiza zaidi. Mgonjwa akisikia kwamba atapelekwa Mirembe huona amekwisha kuhukumiwa. Wanakamati wawe wa kwanza kuacha mzaha huo na kuukemea wanapousikia kilabuni, sokoni na shuleni. Waelezeni watu pia kwamba wengi wenye mawazo ya kujiua huanza kuhudumiwa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kwamba anayepewa rufaa kwenda Mirembe anakwenda kwa wataalamu wengi zaidi, kama vile mwenye ugonjwa wa moyo anavyokwenda kwa daktari wa moyo.

Iwapo mtu ameshajidhuru, mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Msimnyweshe maziwa wala mafuta na msimtapishe; kama amekunywa au amemeza kitu, chukueni chombo au pakiti yake muende nayo ili mganga ajue anachokabiliana nacho. Suala la fomu ya polisi, ile PF3, ligawanyeni: mmoja aende kituo cha polisi, wengine wawe njiani na mgonjwa kuelekea kwa mganga. Pumzi hutangulia karatasi.

Hatua ya tatu: Zijueni dalili, na mjue majira yake

Anayefikiria kufa mara nyingi huwa ameshasema, ila husema kwa mafumbo. Atasema amechoka, kwamba yeye ni mzigo, kwamba bora asingezaliwa, kwamba "mtabaki salama". Atajitenga na watu aliozoea kuketi nao, atakosa usingizi, atazidisha pombe, ataacha shamba likiwa limelimwa nusu. Wengine huanza kugawa vitu vyao, kuuza mbuzi bila sababu inayoeleweka, kulipa madeni madogo madogo na kuwatembelea ndugu kana kwamba wanaaga. Muwe makini hasa na yule aliyekuwa na huzuni nzito kwa majuma mengi, kisha ghafla akatulia na kuchangamka bila lolote kubadilika katika maisha yake; pengine amepona, lakini pengine amekwisha kuamua.

Aliyewahi kujaribu kujiua huko nyuma ndiye aliye hatarini kuliko wengine wote, na kamati ianze na huyo. Duniani kote wanaume hufa kwa kujiua kwa wingi kuliko wanawake, ilhali wanawake hujaribu zaidi, hivyo ukimya wa baba mwenye nyumba haupaswi kuchukuliwa kuwa ni uimara.

Halafu kuna kalenda yetu wenyewe. Mvua ya mkoa huu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi ya Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala ni tupu, ada na sare zinadaiwa, na wakusanyaji wa mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa, wanapita mlango kwa mlango. Matokeo ya kidato cha nne nayo kwa kawaida hutoka Januari, na kijana aliyebeba matumaini ya ukoo mzima huyasoma akiwa peke yake, kwenye simu. Alizeti au mtama ukikauka kabla ya kukomaa, au bei ya zabibu ikianguka wakati mkulima ana deni la dawa, kamati isingoje habari; ipite kuwajulia watu hali. Kwa upande wa Jiji, wafikirieni wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba mitaani, na watumishi waliohamia makao makuu tangu 2016 wakaacha familia zao mbali, ambao jirani huenda hata hajui jina lao.

Hatua ya nne: Ulizeni, tena kwa maneno yaliyo wazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wengi huogopa kwamba kutaja kujiua kutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa hofu hiyo haina msingi: kuuliza hakupandi wazo, na mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu amediriki kulitaja lile alilokuwa amelibeba.

Tafuteni mahali penye faragha, chini ya mti au nyuma ya nyumba, na muwe na muda. Lugha iwe ile anayoizungumza nyumbani; mzee wa Kondoa aulizwe kwa Kirangi, bibi wa Mvumi kwa Kigogo. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, baina ya mama wa kikoba na kijana mwenye familia ambaye pikipiki yake imechukuliwa na wakopeshaji:

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Tangu wale watu waje kuchukua pikipiki nimekuona hutoki. Nimekuja kukujulia hali, na sina haraka.

— Tupo tu, mama. Nimechoka. Naona hata watoto watapumzika nisipokuwepo.

— Unaposema usipokuwepo, una maana unafikiria kujiua?

— … Nimefikiria.

— Ahsante kwa kuniambia. Niko hapa, siondoki. Mawazo hayo yalianza lini?

— Tangu juma lililopita. Usiku ndiyo yanazidi.

— Umeshapanga utakavyofanya? Hicho ulichokifikiria kipo hapa nyumbani?

— Kipo.

— Basi nitaondoka nacho leo, nitakitunza mimi. Katika ndugu zako, nani ungependa ajue?

— Mjomba, wa kule Kigwe.

— Tumpigie sasa, nikiwa hapa. Kisha kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kumwona mganga. Usiku wa leo hutalala peke yako.

Angalieni alichofanya mama huyu. Hakushtuka, hakuhubiri, hakukimbilia kutatua deni. Aliuliza swali lenyewe, akashukuru kwa jibu, akauliza kuhusu mpango na kuhusu kifaa, akakiondoa, akamwingiza ndugu mmoja ambaye kijana mwenyewe amemchagua, na akapanga usiku wa leo na asubuhi ya kesho.

Yapo maneno ambayo tunayasema kwa nia njema lakini hufunga mlango. Tukimwambia mwanaume ajikaze, tunamthibitishia kwamba ameshindwa kuwa mwanaume. Tukimwambia awafikirie watoto, amekwisha kuwafikiria, na ameshajiaminisha kwamba wataishi vizuri bila yeye. Kumwambia kuwa ni dhambi, kwamba wenzake wana shida kubwa kuliko zake, au kwamba ana mapepo, ni kumfundisha kunyamaza. Maombi na dua viendelee, na kama familia ina mganga wa jadi inayemwamini msigombane naye. Ombeni tu kwamba safari ya zahanati isicheleweshwe. Na kamwe msiahidi siri isiyo na masharti. Mtu akisema, "Nitakuambia lakini usimwambie mtu," jibu la haki ni kwamba utaitunza siri yake ila hutanyamaza kama uhai wake uko hatarini.

Mwenye mawazo yasiyo na mpango apelekwe kwa mtoa huduma ndani ya siku chache, akiwa na mtu wa kumtembelea kila siku. Mwenye mpango, mwenye kifaa karibu, au aliyejaribu juzi, asiachwe peke yake hata kidogo, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkishindwa kuamua yuko katika kundi lipi, mhesabuni katika kundi la hatari zaidi.

Hatua ya tano: Yafanyeni mazingira kuwa salama

Msukumo wa kujiua huja kwa nguvu kisha hupungua, mara nyingi ndani ya saa chache, na aliyezivuka saa hizo mara nyingi hubaki hai kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, kuweka umbali kati ya mtu na vitu vya hatari ni kinga iliyothibitishwa. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilipiga marufuku kwa awamu viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa takribani asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990, huku wakulima wakiendelea kuvuna.

Sisi hatuwezi kupiga marufuku kitu tukiwa kijijini, lakini tunaweza kufunga kufuli. Chama cha msingi cha ushirika, au kikundi cha wakulima wa zabibu, kinaweza kutenga kabati moja la chuma ghalani lenye makufuli mawili, funguo zikashikwa na watu wawili, mkulima akachukua dawa anayohitaji kwa siku anayopulizia na kurudisha iliyobaki. Nyumba iliyo mbali na ghala iwe na sanduku lenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu ambaye hayumo katika dhiki. Dawa za mifugo ziingie humo, na vidonge vya hospitali vilivyobaki virudishwe kwa mganga. Kwa mgonjwa aliyeanza dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mwombeni mtoa huduma ampe za siku chache kwa wakati mmoja, na ndugu azitunze. Mahali penye gobore la kulindia mifugo, lihamishiwe kwa jirani au lisalimishwe polisi hadi hali itulie.

Mwenye duka la pembejeo naye apewe jukumu lake: asimuuzie mtoto, asimuuzie mlevi, na akimwona mteja anayelia au asiyeweza kueleza analima nini, ampe kiti na kupiga simu kwa mwanakamati. Mafundisho haya yatolewe kama usalama wa watoto na wa chakula, maana ndivyo yalivyo pia, na katika mikutano ya hadhara pasitajwe kabisa njia ambazo watu wamewahi kujiulia.

Hatua ya sita: Rudini, na mrudi tena

Katika utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2008, watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, katika nchi tano za kipato cha chini na cha kati zikiwemo India, Brazili na Sri Lanka, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa mazungumzo ya takribani saa moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha likatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18. Mwisho wa miezi hiyo, waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2. Hakuna mashine iliyotumika pale. Kilichotofautisha makundi hayo ni mtu aliyerudi kuuliza hali.

Ratiba yao inafaa kwetu kama ilivyo: juma la kwanza, la pili, la nne, la saba na la kumi na moja, kisha mwezi wa nne, wa sita, wa kumi na mbili na wa kumi na nane. Iandikeni kwenye daftari kwa herufi za siri badala ya majina, na mtu mmoja awe na jukumu la kulifungua kila Jumapili. Ziara isiwe ya kumkagua mgonjwa. Nendeni kama wageni, mketi, mpige soga, kisha kabla ya kuaga muulize, "Yale mawazo yamerudi?"

Mambo yaliyomfikisha pale nayo yashughulikiwe, maana dawa pekee haitalipa deni. Mtendaji na mjumbe wa kikoba wanaweza kuketi na mkopeshaji kuomba muda. Afisa ustawi wa jamii anaweza kueleza utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza. Mwanamke au mtoto anayepigwa nyumbani apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006 mabibi waliopewa mafunzo wamekuwa wakiketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulifanyia kazi. Mabibi wenye sikio la kusikiliza hatuwakosi.

Hatua ya saba: Kifo kikitokea

Nendeni msibani mapema, mchana kweupe, kama mnavyokwenda misiba mingine. Familia hizi huzikwa na minong'ono pamoja na marehemu wao: watu huja wachache, hawakai, na kila anayekuja anataka kujua ilikuwaje. Mjane ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa ndugu wa mume wanaweza kumtupia lawama na, kabla ya arobaini, kuanza kugawana mifugo. Kamati imweke mtu karibu naye, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe kwamba mali ya marehemu isiguswe nje ya sheria.

Suala la mazishi lizungumzwe na viongozi wa dini sasa, pakiwa hapana msiba, kwa kuwa mbele ya jeneza watu hawasikilizani. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yenyewe yanakiri kwamba msongo mkubwa wa akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba Kanisa huwaombea waliojiua. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakubali kwamba aliyejiua huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama Muislamu mwingine. Mchungaji, padri na imamu wakiafikiana mapema kwamba hakuna familia itakayonyimwa ibada, wameondoa jeraha la pili.

Picha za tukio zisipigwe, na zilizopigwa zifutwe kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hazijafika shuleni. Redio ikija, msemaji awe mmoja. Asieleze njia wala mahali, asitaje sababu moja kana kwamba ndiyo yote, asimsifu marehemu kwa ujasiri wala asimlaani, na ataje mahali pa kupata msaada. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao, na waambiwe mara nyingi kwamba si kosa lao. Wanafunzi wenzake, ndugu wa rika lake na aliyeukuta mwili waingie katika daftari la kutembelewa, kwa kuwa kifo kimoja huongeza hatari kwa waliobaki.

Hatua ya nane: Daini kinachokosekana

Baada ya miezi michache kamati itakuwa inajua njia ya msaada imekatika wapi: zahanati haina dawa, mtoa huduma aliyefundishwa amehamishwa, gari la wagonjwa liko bovu. Anzeni chini. Kila kituo cha umma cha kutolea huduma za afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka jamii, na huandaa mpango wake wa mwaka. Hapo ndipo dawa za afya ya akili na mafuta ya ziara za nyumbani yanapoweza kuingizwa kwa fedha zisizo nyingi. Lililo kubwa kuliko zahanati lipitie mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani kupitia kwa diwani wenu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maombi yanayofika mwezi wa tano hukuta hesabu zimefungwa, kwa hiyo barua iwe imefika kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye ombi moja, mhuri wa kijiji na idadi mlizohesabu wenyewe bila majina: watu wangapi mliwasindikiza, wangapi walirudishwa bila dawa, safari iligharimu kiasi gani.

Lipo pia suala la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kosa la aina hiyo lisilo na adhabu maalumu linaweza kumfunga mtu hadi miaka miwili. Sheria hii tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliliondoa kosa hilo mwaka 1961. Kijijini matokeo yake yanaonekana: familia humficha aliyejaribu, humweleza mganga habari isiyo ya kweli, na huyo anayehitaji kutembelewa mara tisa hatembelewi hata mara moja. Ghana ilifuta kosa hilo 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba ya nchi hiyo. Bunge letu linakaa hapa hapa Dodoma. Mbunge wa jimbo anaweza kuandikiwa, kualikwa katika mkutano wa kijiji anaporudi jimboni, na kuombwa alibebe jambo hili. Tume ya Kurekebisha Sheria nayo inaweza kupelekewa maoni. Kwa aliyekwisha kukamatwa, mwanakamati na afisa ustawi wa jamii wafike kituoni pamoja na maelezo ya mganga, waombe apelekwe matibabuni.

Tumieni Septemba 10, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, na Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili, kuwaalika diwani, mganga mkuu na redio za hapa, kwa kuwa tarehe hizo zinaangukia wakati mipango ya mwaka unaofuata inapoanza kuandikwa. Majibu ya barua yakifika, hata yakiwa ya kukataa, yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata na yaingie katika muhtasari, pamoja na tarehe ambayo kamati itaandika tena.